Nyumba za kiwandani: kwa nini Arusha na Moshi bado tunamwaga zege miezi 14?

#1 Olasiti_Chalii
Wakuu salaam. Mi nimepanga hapa Olasiti, chumba na sebule, juzi mwenye nyumba kaja na habari zake, kodi inapanda alafu anataka miezi sita kwa mkupuo. Nikaingia mtandaoni kupoza hasira nikakuta Wachina pale Changsha walisimamisha ghorofa 57 kwa siku 19 mwaka 2015. Siku kumi na tisa! Mi nina kiwanja Muriet, fundi alianza msingi mwaka jana mwezi wa pili, mpaka leo tupo kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, na kila nikienda saiti ni "bosi nondo zimeisha". Swali langu ni hili: hizi nyumba za kutengenezwa kiwandani, vipande vinakuja na lori vinafungwa kama kabati, kwa nini hazijajaa huku kwetu wakati miaka yote tunaimbiwa nchi ina upungufu wa nyumba milioni 3? Mafundi wanatubania, serikali, au ni ushamba wetu wenyewe?

#2 PasuaFundi
Haya, mafundi tena. Nondo zimeisha kwa sababu ulinunua sita ukataka zifunge lenta ya nyumba nzima. Nakujua hata kama sijakuona.

#3 DadaSakina
😂😂 #2 kama vile ni yeye fundi wa Muriet

#4 Mhandisi_Tengeru
Mleta uzi, hiyo ya Changsha ni kweli lakini umeisoma nusu. Siku 19 ni za kufunga tu. Vipande vyenyewe, zaidi ya elfu mbili, vilitengenezwa kiwandani kwa miezi kadhaa kabla. Alafu hizo siku hazikufuatana, walijenga ghorofa za mwanzo wakasimama muda mrefu kwa mambo ya vibali, ndo wakarudi kumalizia. Na mpango wa kwanza ulikuwa ghorofa 97, ikakatwa ikawa 57 kwa sababu ya uwanja wa ndege ulio karibu. Kwa hiyo hata Wachina wana ofisi za vibali, tulia.

Tena tuelewane maneno maana humu tutachanganya. Kuna nyumba ya vipande bapa, yani kuta na slabu zinakuja zimelala kwenye lori. Kuna ya maboksi, chumba kizima kinakuja na bomba, swichi na vigae tayari, kreni inapanga. Na kuna kontena la meli lililokatwa madirisha. Hayo matatu ni vitu tofauti kabisa.

#5 Mrombo_Boksi
Hiyo aina ya tatu ndo mimi. Nina kontena la futi 40 Kwa Mrombo, mbele duka la vipuri vya bodaboda, nyuma nalala. Mwaka wa tatu huu. Niseme ukweli wangu bila kumuuzia mtu ndoto: kulipata rahisi, siku moja limeshushwa na jioni hiyohiyo nikaweka kufuli na kulala, hiyo raha hakuna fundi atakupa. Ila Januari saa nane mchana mle ndani unaiva kama ndizi za kufunikwa, na Julai asubuhi bati linatoa jasho, matone yanadondokea godoro mpaka nikadhani linavuja. Halivuji, ni pumzi zangu mwenyewe zinagonga chuma baridi na kurudi maji. Nikaweka mbao na sufi ya kuzuia joto ndani, nikapiga na dari, basi kichwa kinakaribia kugusa juu. Upana wa ndani wa kontena ni mita 2.35, ukitoa ukuta wa mbao pande zote hapo kitanda cha sita kwa sita kikishaingia unapita kwa ubavu. Mke wangu alikuja mara moja akasema nimwite nikishahama kwenye friji.

#6 Kijenge_Juu
"nimwite nikishahama kwenye friji" nimecheka peke yangu kwenye hiace

#7 Mhandisi_Tengeru
#5 asante kwa ushuhuda. Niongeze kitu watu hawakijui: kontena nguvu yake ipo kwenye nguzo nne za kona, na yale mabati ya mikunjo pembeni nayo yanabeba. Ukikata dirisha kubwa au ukatoa upande mzima uunganishe mawili yawe sebule, umelivunja mgongo, lazima uchomelee fremu ya chuma. Na sakafu yake ya mbao kwa kawaida imetiwa dawa ya kuua wadudu kwa ajili ya safari za baharini. Usilaze mtoto pale juu bila kuibadilisha au kuifunika vizuri.

#8 Mrombo_Boksi
Sasa hiyo ya dawa ndo unaniambia mwaka wa tatu mkuu 😳

#9 MamaHosteli_Rau
Hamjambo wanangu. Mimi nipo Moshi, Rau, nimejenga vyumba kumi vya wanafunzi kwa zile paneli nyeupe za povu zenye wavu wa waya pande zote mbili. Unasimamisha ukuta, watu wawili wanaunyanyua kama godoro, alafu fundi anapiga plasta ya saruji ndani na nje. Kuta zote zilisimama ndani ya wiki, sio vyumba, KUTA, maana naona humu mnapenda kuongeza chumvi. Msingi ni uleule, paa ni lilelile, choo na shimo ni vilevile, plasta ndo ilikula saruji kuliko nilivyotegemea. Nikijumlisha yote sikuona kama nimeokoa hela ya kutisha, nilichookoa ni muda, wanafunzi waliingia muhula uleule badala ya mwaka unaofuata, na hiyo kodi ya miezi ndo faida yangu. Kelele zinapungua na baridi haiingii sana. Tatizo kijana mmoja alipigilia msumari wa luninga, ukaingia kwenye povu, luninga ikaja chini. Akaniambia mama nyumba yako ni ya biskuti.

#10 Ngulelo1984
Shikamoo mama. Na moto je? Povu si linawaka?

#11 MamaHosteli_Rau
Marahaba. Niliambiwa lisiachwe wazi popote, plasta nene pande zote hata kwenye ukingo wa dirisha. Nami nilisimamia kwa macho yangu.

#12 Mhandisi_Tengeru
Mama yupo sahihi. Povu lililo wazi likishika moto, moshi wake ndo unaua. Ukuta wenyewe ukiwa umevaa saruji ya kutosha ni kitu kingine. Wanaouza zile paneli za bati-povu-bati za vyumba vya baridi vya kuhifadhia maua wakikwambia ni za kulala, uliza katikati kuna nini. Kuna zenye sufi ya mawe, hizo haziwaki.

#13 Laibon_wa_Kisongo
Mnashangaa nini jamani, nyumba ya kufunga na kufungua tunayo siku zote. Mama zetu wa Kimasai wanajenga nyumba kwa fito na mavi ya ng'ombe, hakuna mkandarasi, hakuna kibali, hakuna "bosi nondo zimeisha". Na fundi ni mwanamke, mwanaume kazi yake kusifia.

#14 PasuaFundi
Na msonge wa Kichaga je, fremu ya miti na nyasi kutoka juu mpaka chini, baridi ya Kibosho inapiga hodi inaondoka. Sisi hatujaanza kujenga jana.

#15 Mmachame_Ughaibuni
Habari za nyumbani. Mimi nipo Sweden mwaka wa tisa. Huku nyumba nyingi za familia moja zinatoka kiwandani, za mbao, kuta zinakuja na dirisha limeshawekwa, na wala hakuna anayeona ni nyumba ya maskini. Jirani yangu kiwanja kilikuwa na zege tupu Jumatatu, Ijumaa kina paa. Sababu moja ni hali ya hewa, nani atake kujenga nje miezi ya theluji na giza, kiwandani kuna taa na joto. Ya pili mbao zipo tele. Ya tatu ambayo nadhani ndo kubwa: hakuna mtu anayejenga kwa mshahara wa mwezi huu na wa mwezi ujao. Benki inatoa yote, kiwanda kinalipwa, mtu anaingia anaanza kulipa miaka thelathini.

#16 Sombetini_Mwalimu
Hapo #15 ndo umegusa donda. Jamani hebu tuongee ukweli, pagale ni nini? Pagale ni benki. Mimi mwalimu, mwezi huu napata tripu ya mchanga, mwezi ujao mifuko mitano ya saruji, Desemba nikipata za kusahihisha mitihani nanunua bati. Nikiugua nasimama. Mtoto akienda sekondari nasimama mwaka. Tofali halinidai riba na halinipigii simu. Sasa kiwanda cha paneli nikienda nikawaambia naomba ukuta wa chumba kimoja leo, nyingine nitarudi baada ya mavuno ya mahindi, watanielewa? Nyumba ya kiwandani haina nusu. Inataka hela yote, siku hiyohiyo, na siku hiyo kwenye maisha yangu haijawahi kuwepo. Kwa hiyo mleta uzi, fundi wako hachelewi, mfuko wako ndo unachelewa, ila fundi ndo yupo karibu wa kutukanwa.

#17 PasuaFundi
Mwalimu nakununulia soda.

#18 Olasiti_Chalii
Mwalimu umenichoma ila nimekubali nusu. Nusu nyingine sikubali, saruji yangu mifuko minne ililala saiti ikaamka miwili, hiyo nayo ni mfuko wangu?

#19 NjiroBlokiD
#16 hoja nzuri ila sio sheria ya Mungu. Kampuni ya Sears ya Marekani kuanzia 1908 mpaka 1940 iliuza nyumba kwa katalogi, watu kama elfu 70 waliagiza kama tunavyoagiza simu, mbao zimekatwa na kupigwa namba, zinashushwa kwenye stesheni ya treni, unajenga na shemeji zako. Na hawakuwa matajiri. Ujanja ni kwamba muuzaji mwenyewe alianza kukopesha, unalipa kidogokidogo. Kwa hiyo swali sio kwa nini hatuna viwanda, swali ni kwa nini wauza paneli wetu hawakopeshi.

#20 Sombetini_Mwalimu
Malizia hadithi kaka. Uchumi ulipoanguka miaka ya 1930 watu wakashindwa kulipa, Sears wakajikuta wanawanyang'anya nyumba wateja wao wenyewe, wakaacha kukopesha. Hakopeshi mtu asiyejua mshahara wako wala hati yako. Nani Muriet ana hati mkononi? Wengi tuna karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtendaji na sahihi za majirani.

#21 NjiroBlokiD
Sawa, ila walikopesha miaka ishirini na kitu kabla ya hapo. Mi ningeichukua hiyo ishirini.

#22 Daudi_wa_Himo
Nyie mnaongea habari za mteja, mi niwaambie habari za kiwanda. Kiwanda ni kama kosta ya mkopo ya Moshi–Arusha. Iwe imejaa au ina abiria watatu, benki inataka rejesho lake, na dereva na dizeli na ushuru vipo palepale. Fundi kama #2 kazi ikiisha anarudi shambani kwake kupalilia kahawa, hana gharama. Kiwanda hakiendi shambani. Ndo maana hata kwa wenzetu vinakufa: Katerra ya Marekani ilianza 2015, ikapewa na wawekezaji karibu dola bilioni 2, ikataka kufanya kila kitu yenyewe, mwaka 2021 ikafilisika. Uingereza mwaka 2023 kampuni ya bima ya Legal & General ilisimamisha kiwanda chake cha nyumba, na Ilke Homes, kampuni nyingine ya nyumba za kiwandani, ikaanguka mwaka huohuo. Tena Uingereza ambako nyumba ni shida kweli. Uhaba wa nyumba sio sawa na foleni ya wateja wenye hela. Shida ipo, oda hazipo, au zinakuja leo hamsini kesho sifuri.

#23 Kijenge_Juu
Bora wewe umetumia kosta tumeelewa

#24 Mzee_Majengo
Vijana, nami nichangie. Uingereza hawakuanza 2023. Vita vya pili vilipoisha serikali ndo iliagiza nyumba za muda za kiwandani, zikajengwa zaidi ya 156,000, nyingine viwanda vilivyokuwa vinatengeneza ndege ndo viligeuzwa. Zilikusudiwa kukaa miaka 10. Kuna zilizokaa zaidi ya 60, na wenyewe wakikataa kuhama maana zilikuja na jokofu na maji ya moto wakati majirani walikuwa hawana. Warusi nao zile ghorofa tano za enzi za kiongozi wao Khrushchev, paneli za zege, tano kwa sababu juu ya hapo ingebidi waweke lifti. Mamilioni ya watu waliokuwa wanabanana chumba kimoja familia nzima wakapata nyumba. Moscow walitangaza 2017 kuzibomoa kwa maelfu. Kwa hiyo mkiuliza zinasaidia au hazisaidii, mnamuuliza nani, aliyehamia 1962 au anayebomolewa leo?

#25 DadaSakina
Mzee shikamoo. Hapo serikali kuagiza zote yenyewe ndo siri naona. Oda moja kubwa.

#26 Ngulelo1984
Na zile zilizoporomoka London? Niliona sehemu mama alikuwa anachemsha chai jengo likadondoka. Mimi paneli za kubandika juu ya ghorofa sitaki kuzisikia.

#27 Mhandisi_Tengeru
Ronan Point. Mei 1968, ghorofa 22, lilikuwa limefunguliwa miezi miwili tu. Gesi ililipuka ghorofa ya 18, ikasukuma ukuta wa kona, na kwa kuwa kila ukuta ulikuwa umekalia wa chini yake bila kufungwa vizuri, kona nzima ikashuka kama karata. Walikufa wanne. Aliyekuwa anawasha jiko la chai alipona. Paneli yenyewe haikuwa na shida, shida ilikuwa kiungo, nondo za kuunganisha na zege la kujaza zilifanywa hovyo. Sheria za ujenzi za huko zikabadilishwa kwa sababu ya jengo hilo.

Na sisi tusijione tuko salama kwa sababu tunamwaga palepale. Mnakumbuka Julai 2007, matetemeko yale ya upande wa Gelai na Ol Doinyo Lengai, Arusha watu tulilala nje? Armenia 1988 majengo ya fremu za vipande yaliyofungwa vibaya yalianguka kwa wingi, wakati yale ya paneli kubwa jirani yake mengi yalisimama. Yote ya kiwandani. Tofauti ni viungo. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kinachokosekana huku ni mtu wa kukagua kiungo kabla hakijafunikwa, maana kikishafunikwa hata mimi sikioni.

#28 PasuaFundi
Injinia hapo nakuunga mkono. Ila mnanisahau, mi sio adui wa kiwanda. Mi nafyatua matofali ya kufungamana, yale ambayo wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba bora wanayafundisha, udongo na saruji kidogo kwenye mashine ya kushindilia, hayachomwi, yanashikana bila udongo wa kujengea katikati. Mashine inabebwa kwenye kirikuu inakuja kiwanjani kwako. Hiyo si kiwanda? Tofauti yake na cha #22 ni kwamba unaweza kufyatua mia tatu leo ukasimama mpaka mwezi wa tisa na hakuna anayefilisika. Na hata kenchi za chuma siku hizi zinakuja zimekatwa, madirisha ya alumini hivyohivyo. Mmeshaanza kujenga kiwandani ila kwa mafungu, hamjui tu.

#29 Laibon_wa_Kisongo
Sasa hili ndo jibu zuri kuliko yote na limetoka kwa mtu mliyemtukana

#30 Uru_Mashariki
Mi naona mnabishana kitu kisichokuwepo. Upungufu wa nyumba gani? Njooni Uru, Kibosho, Machame, Marangu, mapande ya nyumba vyumba sita, vigae vya kung'aa, geti la umeme, ndani kuna mlinzi na mbwa. Mwenyewe anakuja Desemba tarehe 22 anachinja mbuzi anaondoka tarehe 3. Miezi kumi na moja nyumba imefungwa. Hela hiyohiyo ingejenga vyumba ishirini vya kupangisha Pasua.

#31 Mmachame_Ughaibuni
Mbona kama unaniongelea mimi 😅

#32 Uru_Mashariki
Kiatu kikikutosha kivae mangi

#33 MamaHosteli_Rau
Mwanangu hiyo nyumba ya kijijini sio ya kupangisha, ni ya kuzikiwa. Mtu akifa Dar anarudishwa kwao, watu watakaa wapi? Usiihesabu na nyumba za mjini.

#34 Uru_Mashariki
Mama hapo umeniweza. Ila bado saruji ni saruji.

#35 Karatu_Kambi
Nimechelewa uzi. Mi nafanya kazi kambi za watalii, vyumba vyetu vya mbao vinakuja vimekatwa vimefungwa, tunafunga kwa bolti bila kumwaga zege kwa sababu kambi kama yetu hairuhusiwi kuacha msingi kwenye hifadhi. Kwa hiyo teknolojia ipo mkoani hapahapa miaka yote, ila analala mgeni wa dola, sio mwalimu wa Sombetini. Swali la msingi lakini kwa mleta uzi ambalo hakuna aliyeuliza: njia ya kwako lori linapita? Sisi kitu cha kwanza tunapima njia. Boksi pana kuliko lori la kawaida linataka kibali cha barabarani, na kreni nayo inataka pa kutanua miguu.

#36 Olasiti_Chalii
Sijawahi kupima. Hiace inapita vizuri.

#37 Karatu_Kambi
Hiace sio semi mkuu. Kontena la futi 40 ni mita 12 na kidogo bila kichwa cha gari. Angalia kona.

#38 Mrombo_Boksi
Langu lilikata waya za umeme mtaa mzima ukalala giza. Nilikula lawama wiki.

#39 Olasiti_Chalii
Wakuu nimerudi. Leo Jumapili nimeenda Muriet na tepu, mimi na mdogo wangu. Njia kuu ya vumbi ni mita tano, safi. Kona ya kuingia kwangu ni mita 3.1, upande mmoja kuna nguzo ya umeme, upande wa pili kuna choo cha bibi mmoja hivi, katuona tunapima akadhani ni watu wa barabara wanakuja kumbomolea, akatoka na mwiko. Tumekaa naye nusu saa kumtuliza, katupa na uji. Kwa hiyo boksi zima halipiti, semi haipiti, kreni sitaki hata kuiwazia. Paneli za mama wa Rau zinapita, hata kwa mkokoteni zinapita. Kirikuu cha mashine ya #28 nacho kinapita. Ila kuta zangu zimeshafika lenta, sasa hizo paneli nizipeleke wapi tena?

#40 NjiroBlokiD
Panda juu. Ghorofa ya paneli nyepesi kama msingi na kuta za chini zinaruhusu, injinia atasema.

#41 Mhandisi_Tengeru
Injinia anasema hawezi kusema bila kuona msingi. Una picha za nondo kabla hujamwaga jamvi, yani zege la sakafu juu ya msingi?

#42 Olasiti_Chalii
Fundi hakupiga picha.

#43 PasuaFundi
Mi naomba namba ya huyo fundi, kuna nondo zangu mbili nazitafuta

#44 DadaSakina
Nilisema mimi 😂😂😂